Maswali ya bustani: kotmiri haioti, mrehani unalala

Asalaam aleikum. Nilinunua giligilani, yaani mbegu za kotmiri, sokoni Chake Chake, nikazisia kwenye tuta la udongo na samadi, namwagilia asubuhi na jioni. Wiki tatu zimepita, imeota miche minne tu. Uwatu niliotia pembeni umeota wote. Je, tatizo ni udongo?
*Msomaji, Wete*

Waaleikum salaam. Uwatu wako umeshajibu nusu ya swali. Umeota kwenye tuta lilelile na kwa maji yaleyale, basi usilihangaikie tuta kwanza. Itazame mbegu.

Giligilani za sokoni zimewekwa kwa ajili ya chungu. Huenda zimekaa gunia kwa gunia kwa miaka, na mbegu ya kotmiri hupungua nguvu kila mwaka unaopita. Zipime kabla ya kuzisia: chagua punje 10 nzima, zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka ndani ya kopo lenye kifuniko, mahali penye kivuli. Angalia kila siku kitambaa kisikauke. Baada ya siku 14 hesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa 7 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 4 hadi 6, sia mara mbili ya kawaida. Zikipungua hapo, zirudishe jikoni utafute nyingine.

Jambo la pili ni ganda. Ile punje ya duara si mbegu moja, ni mbili zilizoshikana ndani ya ganda gumu. Zimwage juu ya ubao, pitisha chupa juu yake kwa kuibonyeza kidogo mpaka punje zipasuke vipande viwili. Zikisagika umezidisha nguvu. Kisha ziloweke usiku kucha kwenye maji safi, zisipite saa 24, maana mbegu iliyozama muda mrefu hukosa hewa ikaoza. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 1, acha sentimita 3 hadi 5 baina ya mbegu, funika na ushindilie kidogo kwa kiganja.

La tatu ni joto, na hili watu hulisahau. Kotmiri hupenda udongo wa ubaridi wa wastani. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, udongo uliopigwa na jua la mchana, hasa ndani ya ndoo nyeusi, huwa moto kiasi cha kuizuia hata mbegu nzima isiote. Tandika kuti juu ya tuta mpaka uone vichwa vya kijani, kisha liinue juu ya vijiti, usiliache limelala juu ya miche. Tarajia kuona miche kati ya siku 7 na 14. Sia palepale itakapokaa, kwani mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja na haupendi kuhamishwa.

Mrehani wangu umeota vizuri kwenye trei, lakini ikifika majani mawili miche inalala. Leo kumi, kesho ishirini.
*Msomaji, Jang'ombe*

Inamia uutazame mche mmoja kwa karibu, pale shina linapotoka kwenye udongo. Kama pamekuwa pembamba kama uzi, rangi ya maji au kahawia, na majani ya juu bado ni kijani, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Husababishwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni, navyo hushamiri penye unyevu mwingi, msongamano na hewa isiyopita. Kama shina limekatwa kabisa na mche umelala kando, hapo pana sota, yule kiwavi mkata miche. Fukua udongo kidogo asubuhi, utamkuta amejikunja karibu na mche aliokata.

Mche ulioshikwa na kinyausi hauponi. Ung'oe pamoja na udongo unaouzunguka, utupe mbali na bustani. Acha kumwagilia mpaka uso wa udongo ukauke, na punguza miche iliyobaki ipate nafasi ya sentimita 2 au zaidi. Kama trei umeifunika kwa plastiki, ifunue, iweke mahali penye upepo.

Kwa mara ijayo changanya udongo sehemu 2, mchanga usio wa pwani sehemu 1 na mboji iliyooza vizuri sehemu 1. Samadi mbichi usiitie. Mwagia maji yanayochemka mpaka yapenye chini, uache udongo upoe kabisa na maji yachujike. Mbegu za mrehani ni ndogo sana, ndiyo maana zinamwagika chungu nzima mahali pamoja: changanya robo kijiko cha chai cha mbegu na vijiko vitano vya mchanga mkavu, halafu nyunyiza. Usizifukie. Zibonyeze tu zishike udongo, kwani mwanga huzisaidia kuota. Zikipata maji zitavaa ute mweupe, usidhani zimeoza. Maji yatoke chini: simamisha trei ndani ya beseni mpaka uso wa udongo uwe mweusi, kisha uitoe. Fanya hivyo asubuhi, si magharibi, ili usiku usiingie na udongo uliolowa chapachapa. Mbegu zikitoweka kabla hazijaota, shutumu sisimizi, na weka miguu ya meza ya trei ndani ya makopo ya maji.

Nanaa nimesia mara mbili haijaota. Nifanyeje?
*Msomaji, Mkoani*

Achana na mbegu. Nanaa ya mbegu ni ya pole, na aghlabu mche hautokei kama mama yake. Aina nyingine, kama ile ya peremende, hazitoi mbegu inayoota. Nunua fungu bichi, chagua vikonyo vya sentimita 10, ondoa majani ya chini, vitie kwenye glasi ya maji kivulini. Badili maji kila siku mbili. Mizizi hutoka kwa wiki moja au mbili.

Natumia chenga za makumbi badala ya udongo. Kotmiri huota michache, ncha za majani zinaungua, na ukingoni mwa chungu kuna unga mweupe.
*Msomaji, Jambiani*

Unga huo karibu hakika ni chumvi. Makumbi yanayofukiwa pwani ili kutoa usumba wa kamba hulowa maji ya bahari miezi mingi, na chenga zake hubaki na chumvi hiyo. Chumvi huizuia mbegu kunywa maji, hata kama udongo umelowa.

Ziloweke chenga kwenye maji matamu siku nzima, mwaga, rudia mara tatu, kisha onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, endelea. Chungu chenye miche kipitishe maji matamu mara mbili ya ujazo wake, yatoke chini. Lakini onja na maji ya kisima chako. Yakiwa ya chumvichumvi, kuosha kote huko ni kazi bure. Kinga maji ya mvua, ukiacha mvua ya kwanza ioshe bati.

Kotmiri yangu haijafika shibiri moja, imeshatoa maua, na majani yamekuwa kama nyuzi. Mbolea gani niipe?
*Msomaji, Bububu*

Hakuna mbolea itakayoirudisha. Vitabu vya Ulaya hulaumu urefu wa mchana, lakini kwetu mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Hapa lawama ni ya joto, ukavu, msongamano na kuhamisha miche. Kukata kikonyo cha maua hukupa siku chache tu.

Sia kuanzia Juni, masika yakishamalizika, mpaka Septemba, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, na vuna majani ya nje mapema. Katika miezi ya joto ipe kivuli baada ya saa sita mchana na uridhike na mavuno ya muda mfupi. Miche miwili mitatu iliyokwisha kutoa maua iache ikomae, kata vichwa vikigeuka kahawia, vianike kivulini, uzitie mbegu kwenye chupa kavu. Hizo ndizo utakazosia, na umri wake utaujua.