Majibu bado: kuishi na hofu wakati kipimo kiko maabara

Kama wiki hii umetolewa damu, au kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili cha kupimwa, na ukaambiwa "rudi baada ya wiki mbili", naandika kwa ajili yako. Mimi nilipita hapo kwa sababu ya tezi iliyovimba shingoni, upande wa kulia, chini kidogo ya taya. Haikuuma, na kutouma kwake ndiko kulikonitisha, maana kila aliyeitazama alikuwa na habari ya mtu wa kwao aliyeanza na uvimbe usiouma.

Niseme mapema ili usisome roho ikiwa juu: ilikuwa TB ya tezi. Nilimeza dawa miezi sita nikapona. Na usiku ule nilioambiwa nina TB nililala fofofo, mimi ambaye kipindi chote cha kusubiri nilikuwa naamka saa tisa za usiku na kukodolea dari macho. TB si ugonjwa wa mchezo, sisemi hivyo. Lakini tangu siku ile naamini kwamba kinachommaliza mtu katika kusubiri ni kuhangaika kujua kabla ya muda: kwa vidole, kwa simu, kwa midomo ya watu. Majibu yako maabara, hayapo kwingine kokote, na kila mara unapoyatafuta kwingine unarudi na hofu kubwa kuliko uliyoondoka nayo.

Tuanze na vidole. Mkono wangu ulikuwa unapanda wenyewe shingoni. Niko dukani nampimia mteja misumari, mkono mmoja uko kwenye mizani, mwingine uko kwenye tezi. Nikipanda bodaboda najitazama kwenye kile kioo chake cha pembeni. Sasa, tezi ukiibonyezabonyeza kutwa lazima itauma, na pengine itatuna zaidi. Jioni unajiambia: jana haikuuma, leo inauma, basi imeanza kusambaa. Halafu ukishazoea kupapasa unaanza kugundua na nyingine. Watu wengi wazima kabisa wana vitezi vidogo vinavyoshikika chini ya taya na kwenye kinena, ila hawavijui kwa sababu hawana sababu ya kuvitafuta. Mimi nilivitafuta nikavikuta, na usiku huo sikula.

Kilichonisaidia ni kumkumbuka daktari alivyopima ile tezi kwa rula na kuandika sentimita zake kwenye faili. Kipimo cha kulinganishia kipo tayari, kimeandikwa na mtu asiye na hofu. Nikajiwekea kwamba nitaigusa Jumapili asubuhi baada ya kuoga, mara moja, basi. Siku nyingine mkono ukipanda naupa kazi. Siku mbili tatu za mwanzo ni ngumu kama kuacha sigara, baadaye mkono unasahau.

Simu ni mbaya kuliko vidole. Ukiandika "uvimbe shingoni usiouma" unaletewa orodha ndefu, saratani iko hapo pamoja na meno mabovu na mafindofindo, na jicho la mwenye hofu huruka yote na kutua kwenye saratani. Tena nyingi ya kurasa hizo zimeandikwa kwa wasomaji wa nchi ambako TB ni nadra, kwa hiyo wanaitaja mwishoni kama jambo la pembeni. Kwetu ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za tezi ya shingo kuvimba na kukaa muda mrefu. Google haijakuhoji kama daktari, haijakushika shingo. Inachojua ni kwamba unaogopa, na ikishajua hilo itakuletea video za wagonjwa hata siku uliyofungua simu kuangalia matokeo ya Simba na Yanga. Swali likikuwasha, liandike kwenye daftari la kwenda nalo kwa daktari. Langu lilijaa kurasa mbili, na siku ya majibu niligundua mengi yalikuwa swali lilelile limevaa nguo tofauti.

Watu nao. Chagua wawili wa kuwaambia, kundi la WhatsApp la ukoo waache kwanza. Mimi niliwachagua mke wangu na kaka yangu, lakini uvimbe wa shingoni haufichiki, wengine waliuona tu. Mjomba akaja na mizizi ya kuchemsha. Jirani akasimulia habari za shemeji yake, marehemu. Hawana nia mbaya, ila kila hadithi ya mtu mwingine utaimeza kama utabiri wako. Niliishia kuwa na sentensi moja: "Majibu bado, yakitoka nitawaambia." Ukiisema kwa adabu na kuirudia bila kuongeza neno, watu huelewa.

Hata hao wawili uliowachagua unaweza kuwachosha bila kujua. Kila usiku nilikuwa namuuliza mke wangu, "Hebu angalia, imekua?" Anasema haijakua. Natulia kama nusu saa, halafu nauliza tena, safari hii nikidai taa ya sebuleni haina mwanga wa kutosha. Akasema tukubaliane: atajibu mara moja kwa siku. Nikiuliza mara ya pili jibu lake lilikuwa, "Baba watoto, nimeshakujibu leo. Chai unataka sasa au baada ya taarifa ya habari?" Nilimwona katili. Wiki ilipoisha nilikuwa naulizia chai. Kama wewe ndiye mke, mume, dada au rafiki wa anayesubiri, hilo ndilo ningekushauri: usimwambie "usijali, si kitu", maana huna uhakika na yeye anajua huna. Mwambie utakwenda naye siku ya majibu, kisha mzungumze mengine.

Kuna jambo sikuwahi kuambiwa na ningependa kila anayesubiri aambiwe: hofu yenyewe ina dalili zake mwilini, na utazidhania za ugonjwa. Usiku mmoja moyo ulinienda mbio, kifua kikabana, ncha za vidole zikaanza kuwasha kama zinachomwa sindano, midomo ikafa ganzi. Nikasema, ndiyo hii, napooza. Kumbe mtu akiogopa huhema harakaharaka bila kujua, hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na kupungua huko ndiko kunakoleta kizunguzungu na ile ganzi ya vidole na midomo. Dawa yake ni kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa dakika kadhaa. Kisha toka kitandani. Ukibaki unagaagaa, kitanda kinageuka kuwa mahali pa kuogopea. Mimi nilikuwa nakaa mezani napanga risiti za EFD, ile mashine ya kodi, kwa tarehe, kazi ya kuchosha isiyo na mfano, na usingizi ulikuwa unanikuta hapohapo. Mashine ya presha ifiche. Presha hupanda kwa hofu, nawe ukiona imepanda unaogopa, unapima tena.

Mchana nilikuwa na utaratibu mwingine ambao mwanzo niliucheka: kuipa hofu saa yake. Saa kumi na mbili jioni, kama dakika ishirini, nakaa uani nawaza yote, mpaka mazishi na nani ataendesha duka. Wazo likija saa nne asubuhi naliambia lisubiri jioni. Mara nyingi jioni ikifika unakuta halina nguvu ile.

Sasa habari ya maabara, kwa sababu kujua kinachoendelea huko kulinituliza kuliko maneno yote ya faraja. Vipimo havina muda mmoja. Kwa vile TB na VVU hutembea pamoja, siku ya kwanza nilipimwa VVU, majibu dakika kumi na tano mpaka ishirini. Kile kipande cha plastiki kiko mezani mbele yangu, mstari mwekundu ukajitokeza, nami sijui kama mstari mmoja ni heri au shari. Mshauri nasaha alinisoma usoni. "Huo wa kwenye herufi C unaonyesha tu kuwa kipimo kinafanya kazi, kaka. Tusubiri muda uishe." Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko wiki zilizofuata. Ulibaki mstari mmoja, yaani sikuwa na maambukizi.

Mashine ya GeneXpert inatafuta vimelea vya TB kwa muda wa kama saa mbili, ingawa foleni ya sampuli inaweza kuifanya iwe siku mbili. Kuotesha vimelea ni habari nyingine, hukua polepole, hadi wiki sita na kwa njia ya zamani hadi nane. Kinyama kiko katikati. Kikitolewa huwekwa kwenye dawa ya fomalini kisioze na kikakamae sawasawa, kisha hupitishwa kwenye alkoholi kuondoa maji, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba sana, unene wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita, hutiwa rangi ya zambarau na ya waridi, ndipo mtaalamu wa patholojia anakitazama kwa hadubini. Wataalamu hawa ni wachache. Mikoani mara nyingi kinyama kinapaswa kusafiri kwanza mpaka hospitali kubwa ya kanda. Na akishakitazama anaweza kuomba kikatwe tena na kutiwa rangi nyingine, kwa mfano ile ya kutafutia vimelea vya TB. Kwa hiyo majibu yakichelewa, usijifanye mpiga ramli. Yanachelewa kwa sababu ya Jumamosi na Jumapili, kwa sababu ya usafiri, kwa sababu ya rangi ya pili. Kuchelewa hakusemi lolote juu ya ugonjwa wako.

Ndiyo maana siku ya kutoa kipimo usiondoke kabla hujauliza: majibu yatatoka tarehe ngapi, nitayafuata dirisha gani, nitampelekea daktari yupi, na tarehe ikipita nimpigie nani. Andika namba ya sampuli. Kama wanatafuta TB, uliza pia kama sehemu ya kinyama imewekwa pembeni bila fomalini, kwa sababu kilichotiwa fomalini hakiwezi kuoteshwa. Halafu tarehe ikifika, nenda. Wapo wanaosema "kungekuwa na tatizo wangenipigia". Yangu yalikuwa tayari, yametulia kwenye droo, na hakuna aliyepiga.

Kuhusu dawa nina ukali kidogo. Ukiwa unasubiri, usiingie duka la dawa kuomba "kitu cha kupunguza uvimbe". Vidonge vya aina ya deksamethazoni na prednisoloni vinaweza kweli kuifanya tezi inywee kwa muda, ukafurahi, kumbe vimevuruga kile ambacho mtaalamu alipaswa kukiona ikiwa ni saratani ya tezi na kinyama kinatakiwa kutolewa upya. Baadhi ya antibayotiki nazo huigusa TB nusunusu, haiponi lakini inajificha kwenye vipimo. Mizizi ya mjomba niliipokea kwa mikono miwili nikaiweka juu ya kabati.

Hayo yote ni ya hofu. Yapo ambayo hayasubiri tarehe: kushindwa kupumua au kumeza, kukohoa damu, homa kali isiyoshuka, uvimbe unaokua kwa siku badala ya majuma. Hapo rudi hospitali siku hiyohiyo, usiogope kuonekana msumbufu.

Siku ya majibu nenda na mtu. Kwetu mara nyingi unapewa bahasha uipeleke mwenyewe kwa daktari, na kutoka dirishani hadi mlango wa daktari ni safari ndefu. Usiifungue kwenye benchi. Ripoti ya patholojia imeandikwa na daktari kwa ajili ya daktari, ina maneno ya kutisha hata pale habari ni njema, na utayatafuta kwenye simu, turudi kulekule. Mke wangu ndiye aliyeishika bahasha, kwenye mkoba wake, mkoba ukiwa chini ya kwapa.

Kuna watu majibu yanatoka safi na hofu haiondoki. Wanapima tena hospitali nyingine, kisha nyingine, wiki zinapita na kila pesa inaishia maabara. Ikiwa ni wewe, ulizia idara ya afya ya akili. Hospitali nyingi za mikoa zinayo. Ukisikia "afya ya akili" usifikirie moja kwa moja Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Ni kukaa na mtu aliyesomea jambo hili na kulizungumza, na hofu ya namna hii inatibika.

Na kama majibu yakiwa ya ugonjwa, kama yangu, swali la kwanza liwe dawa zitanifanya nini mwilini. TB hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali: dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha mbili kwa minne inayobaki. Nesi wa kitengo cha TB alinieleza vizuri ratiba, vyakula, na kwamba tezi inaweza hata kuvimba tena kidogo katikati ya matibabu bila kumaanisha dawa zimeshindwa. Kisha nikiwa nimeshafika mlangoni akaniita: "Kaka, mkojo utakuwa rangi ya chungwa, ni dawa tu." Namshukuru mpaka leo, maana nisingeambiwa hilo, kesho yake asubuhi ningekuwa chooni na simu mkononi.