Re: Benki yakataa mkopo wa mashine kwa sababu kiwanja hakina hati

Salaam dada. Nimekuelewa: kliniki iko Mokowe, Lamu, wataka mashine ya altrasaundi, na benki imeng'ang'ania hati ya ardhi. Huku pwani ni wangapi walio nayo?

Kwanza angalia pesa zako zapitia wapi. Kliniki yangu hapa Malindi ilipokuwa ikipokea noti mkononi, hakuna aliyenisikiliza. Nilipohamishia malipo kwenye till ya M-Pesa, ile namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu, maongezi yakabadilika. Medical Credit Fund hukopesha vituo vya afya kwa kutazama mapato hayo ya simu, na marejesho hukatwa humo humo. Leseni ya KMPDC, baraza la madaktari linalosajili vituo, iwe hai lakini.

Pili, mashine yenyewe yaweza kuwa dhamana. Sheria ya Kenya ya 2017 ya mali zinazohamishika yaruhusu. Ukiogopa riba, ulizia murabaha kwenye benki ya Kiislamu: wao wanunua mashine, wakuuzia kwa faida mliyokubaliana, nawe walipa kidogo kidogo.

Madai yako kwa SHA, bima ya afya ya serikali, usiyategemee kwa marejesho. Yakichelewa, utakopa ulipe mkopo.

Muuzaji amekupa bei gani? Na fundi wake atafika hadi huko ikiharibika?