Usichanganye Kifusi cha Mgodi Kabla ya Kukipima

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipokea sampuli za kifusi cha migodi, yaani mwamba unaotupwa, katika maabara moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi, ili kupima kama kitazalisha asidi kikikutana na hewa na mvua, na kosa lililonifundisha zaidi halikutokea ndani ya maabara. Mteja mmoja alituletea ndoo moja ya mawe yaliyosagwa, akieleza kwamba ni mchanganyiko wa sampuli kumi kutoka mashimo tofauti ya utafiti, kwa kuwa alitaka kupunguza gharama. Niliipokea bila kuuliza swali, na hapo ndipo nilipokosea.

Majibu yalikuwa mazuri. Kanuni yetu ni nyepesi: kila asilimia moja ya salfa iliyomo katika pairaiti (madini ya chuma na salfa yanayozalisha asidi hiyo) huhitaji kilo 31.25 za kalisi kaboneti, yaani chokaa, ili kutuliza asidi inayoweza kuzalishwa na tani moja ya mwamba. Ukigawanya uwezo wa mwamba wa kutuliza asidi kwa uwezo wake wa kuizalisha, ukapata chini ya 1, tarajia asidi. Kati ya 1 na 2, bado una mashaka. Ndoo ile ilivuka 3. Tulipopima sampuli zenyewe moja moja, tisa zilikuwa salama, lakini ya kumi ilikuwa na salfa asilimia 3 na chokaa kidogo mno, yaani ilihitaji takriban kilo 94 kwa tani, nayo haikuwa na hata robo yake. Mgodini lori halichanganyi mwamba wa mashimo kumi. Humwaga mzigo mmoja mahali pamoja, na mvua ikinyesha, mzigo huo hautasaidiwa na chokaa iliyoko upande wa pili wa lundo. Kwa hiyo pima kila aina ya mwamba peke yake, hata kama bajeti italazimisha sampuli chache.

Jambo la pili ni kutoamini namba ya kutuliza bila kujua madini yaliyomo. Saideraiti, ambayo ni kaboneti ya chuma, hutuliza asidi mwanzoni, kisha chuma chake kikikutana na hewa hurudisha asidi ile ile. Kipimo cha haraka huihesabu kama chokaa halisi. (Nimebishana na wataalamu wenzangu kuhusu hili hadi chai ikapoa.)

Kipimo cha hidrojeni peroksaidi, kemikali inayoozesha pairaiti upesi, ni cha haraka na nakipenda: pH ya mwisho (namba ambayo hushuka asidi ikizidi) ikiwa chini ya 4.5, jiwe ni la kutiliwa shaka. Hata hivyo hakikuambii asidi itaanza lini. Hilo huonekana katika seli ya unyevu, ambamo kilo moja ya mwamba hupitishiwa hewa kavu siku tatu, hewa yenye unyevu siku tatu, kisha huoshwa siku ya saba, kwa angalau wiki 20, na mara nyingi zaidi ya 40. Wateja hulalamika, ila chokaa inaweza kuficha asidi kwa miezi mingi kabla ya kuisha.

Wala maji yenye pH 7, yaani yasiyo na asidi, si ushahidi wa usalama. Aseniki, antimoni na molibdeni huweza kuyeyuka bila asidi yoyote, kwa hiyo maji ya kuoshea yapimiwe metali hata pale uwiano unapopendeza. Katika mwamba wa dhahabu wa Migori, ambako pia mgodi wa shaba wa Macalder uliwahi kufanya kazi, salfaidi (madini yenye salfa, kama pairaiti) si jambo la kukisia.

Mwisho, gawa kila sampuli kabla ya kuisaga, na uhifadhi nusu ikiwa kavu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kwa sababu pairaiti iliyokaa na unyevu stoo huanza kuoza na kubadilisha majibu. Tuliweza kuirudia kazi ya yule mteja kwa sababu tu mwanajiolojia wake alikuwa amezihifadhi nusu zile kumi katika kontena kavu.