Panga Lililooshwa: Kwa Msomaji Aliyeitwa Kuwa Mzee wa Baraza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Urambo aliniandikia kwamba ameitwa kuwa mzee wa baraza, yaani raia anayekaa na jaji na kumpa maoni yake, katika kesi ya mauaji ambayo mshtakiwa anadaiwa kuwa mgonjwa wa akili, akaniuliza atajuaje kama mtu huyo anaigiza. Swali hilo limenichoma, kwa sababu ndilo nililoingia nalo mahakamani hapa Tabora miaka kadhaa iliyopita, baada ya kufundisha hisabati kwa miaka 31 na kuamini kwamba hakuna mwanafunzi aliyewahi kunidanganya kuwa anaumwa.

Tulikuwa wazee watatu. Kijana alishtakiwa kumuua baba yake mdogo kwa panga, kisha akaliosha kisimani. Kizimbani alikuwa ametulia, shati limefungwa vifungo vyote, akimwitikia karani kwa adabu kuliko wajukuu zangu. Nikaandika daftarini "ameosha panga", nikapigia mstari mara mbili, na kusema kweli tangu hapo sikusikiliza tena. Daktari kutoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, ambako kijana alipelekwa kuchunguzwa, alieleza kwa kirefu. Mimi nilikuwa nikitazama vifungo vya shati.

Tulipoulizwa maoni nilisimama wa kwanza nikasema ana hatia, na wenzangu wakaniunga mkono, mmoja akiongeza kwamba akiachiwa atarudi kijijini kutumaliza. Jaji, ambaye hafungwi na maoni ya wazee, alitofautiana nasi na kutoa sababu: baada ya kuosha panga, kijana alirudi uani akapasua kuni za kumpikia yule yule baba yake mdogo chakula cha jioni. Ushahidi huo tuliusikia sote. Mwenzangu mmoja, ambaye naye alisema ana hatia, hadi leo akinikuta sokoni huniita "Mheshimiwa Panga".

Kwa hiyo, ndugu yangu, usitazame uso wala shati. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu hakiulizi kama mshtakiwa ni mgonjwa leo. Kinauliza kama, wakati wa kutenda, ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachofanya, au asitambue kwamba hapaswi kukifanya, au ashindwe kujizuia. Na mtu aliyetibiwa miezi mingi akiwa mahabusu anaweza kutulia kuliko wewe. Ni kweli kwamba sheria humdhania kila mtu kuwa na akili timamu, na kwamba mshtakiwa ndiye anayepaswa kuonyesha vinginevyo, lakini hatakiwi kuthibitisha pasipo kuacha shaka. Inatosha kwamba dai lake linaelekea zaidi kuwa kweli. Sisi tulimdai asichodaiwa.

Hofu ya "ataachiwa" nayo iache nje ya mlango. Anayeonekana alitenda akiwa hana akili timamu haendi nyumbani, bali huwekwa kizuizini kama mgonjwa. Wamarekani walikasirika sana mwaka 1982, baraza la raia lilipomwona John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan, kuwa hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hata sheria ikakazwa mwaka 1984; ilhali Hinckley alikaa hospitalini hadi 2016.

Daftari langu ninalo bado. "Ameosha panga" imo, na mistari yake miwili. Kuhusu kuni hakuna hata neno moja.