Jibu: Pampu za kawaida hazifai kwa haidrojeni kimiminika

Ndugu, umeuliza kama pampu na vali za ndege za kawaida zinaweza kupeleka haidrojeni kimiminika kwenye injini ya jeti. Haziwezi, na kikwazo kikubwa ni pampu. Haidrojeni huchemka kwenye nyuzijoto -253 hivi za Selsiasi, na ndani ya tangi hukaa karibu kabisa na kiwango hicho. Shinikizo likishuka kidogo tu kwenye mdomo wa pampu, viputo vya mvuke vinazuka, pampu inazungukia mvuke mtupu na mtiririko unayumba. Ndiyo maana huwekwa pampu ndogo ndani ya tangi lenyewe, ya kuisukumia pampu kuu haidrojeni ikiwa na shinikizo, na mabomba hupozwa kwanza.

Haidrojeni ikitoka pampu kuu, hupashwa joto kabla ya kuingia chumba cha mwako. Hapo usipime ujazo peke yake, kwa kuwa uzito wa ujazo uleule hubadilika kulingana na joto na shinikizo. Kompyuta husoma joto na shinikizo, ikakokotoa kilo kwa sekunde, kisha ikarekebisha vali. Rubani akiongeza nguvu ghafla, kipasha joto huchelewa kuitikia. Kwangu mimi hapo ndipo penye kazi hasa. Lakini inawezekana: ndege ya majaribio Tu-155 ya Usovieti iliruka mwaka 1988, injini moja kati ya tatu ikitumia haidrojeni.