Mwanangu, shindania tuzo ya Katherine Esau

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, nasi hapa Muheza hatujambo. Umeniambia msimamizi wako anataka uwasilishe utafiti wako kwenye mkutano wa Chama cha Botania cha Marekani, ushindanie tuzo ya Katherine Esau, yule mtaalamu wa mimea. Unaniuliza kama ni sawa kupokea fedha ya marehemu asiyekujua, aliyeanzia kwenye viazisukari, ile mizizi ya kutengenezea sukari, huko California, ilhali wewe umekulia kwenye mihogo. Ni sawa kabisa. Shindana.

Kwanza acha kuona haya. Fedha hiyo si ya kumhurumia mtu. Esau aliitoa mwenyewe mwaka 1985 angali hai, na wanabotania wenzake wakaendelea kuiongezea, ili mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayewasilisha kazi bora kuhusu muundo na ukuaji wa mimea atunukiwe. Sisi watu wa Tanga tumezoea wakfu wa minazi: aliyeweka wakfu hatazami sura ya atakayekula nazi, ameweka masharti tu. Wewe timiza masharti.

Tena huyo mama hakuzaliwa mahali pa raha. Alizaliwa 1898 Yekaterinoslav, mji wa Ukraine unaoitwa Dnipro siku hizi. Baada ya mapinduzi ya Urusi familia yake ilikimbilia Ujerumani, na 1922 wakafika California. Aliajiriwa na kampuni ya sukari kutafuta viazisukari vinavyostahimili ugonjwa wa majani kujikunja, unaoenezwa na kidudu kinachofyonza majani. Alipohamia Davis kusoma, hakuweza kuachia wadudu wenye virusi mashambani, basi akageukia hadubini kutazama ugonjwa unafanya nini ndani ya mmea. Huko ndiko alikobobea katika floemu, ile mirija inayosafirisha chakula kutoka kwenye majani, na akaonyesha kwamba virusi hivyo husafiri humo humo. Uzamivu aliupata 1931. Alipopita miaka sitini alijifunza hadubini ya elektroni, na 1989, akiwa na miaka 91, akapewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Alifariki 1997. Hakuolewa wala hakuacha mtoto, na mimi nikisoma habari zake nakumbuka hadithi ya Mtume kuhusu elimu yenye manufaa inayobaki baada ya mtu.

Sasa mihogo. Kirusi cha viazisukari na vile vya batobato, ugonjwa wa madoa kwenye majani ya muhogo, ni vya familia moja, jeminivirusi. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza 1894, kutoka nchi hii hii. Michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo ambao virusi vyake ni vya familia nyingine, iliripotiwa 1936 kutoka Amani, mlimani hapo juu kwetu. Kwa hiyo usiniambie mambo ya Esau yako mbali nasi.

Nilipokuwa afisa ugani, kilichoniumiza zaidi kilikuwa hiyo michirizi. Mkulima anakuonyesha shamba, majani yanapendeza, shina limenyooka. Siku ya kuvuna anakata muhogo, ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu, hata mbuzi anasusa. Anakuuliza ugonjwa umepitia wapi. Nilimwambia habari za inzi weupe wanaoueneza, nikamwambia achague pingili safi na ang'oe mimea iliyougua, na ushauri huo ni mzuri. Lakini njia yake ndani ya shina sikuweza kumwonyesha. Wewe unakata mashina ya muhogo, unayapaka rangi, unayaona. Swali la mkulima yule ndilo unalolifanyia kazi, na Esau aliweka fedha kwa ajili ya watu wanaouliza maswali ya namna hiyo.

Ukisimama mbele yao, usipoteze dakika kumsifu marehemu. Wale wanamjua kukuzidi. Onyesha vipande vyako, eleza ulichokiona na ambacho bado hakijathibitika. Soma kwanza makala zake kuhusu virusi na floemu, ili wakikuuliza ujibu kwa uhakika. Na tafadhali usiiweke tuzo hii kwenye hesabu ya ada au kodi ya chumba. Hiyo endelea kuitegemea posho yako ya kufundisha.

Peleka ikisari kabla ya siku ya mwisho. Nitumie na picha mbili tatu za yale mashina, zenye maelezo ya Kiswahili, nimpelekee afisa ugani wa kata yetu. Ana kikao na wakulima wa mihogo mwisho wa mwezi, na wataziuliza.

Mama yako