Kwa mnaoanza kufufua Landrova za zamani na mashua: fungua kimoja, funga kimoja

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa wanaoanza, maana kila baada ya muda nakutana na kijana kanunua Landrova iliyolala chini ya mwembe miaka na miaka, au mashua iliyotelekezwa ufukweni, ana moto kweli kweli, rangi keshanunua kabisa, na kitu cha kwanza anachotaka ni kufungua kila kitu mpaka ibaki mifupa. Mimi nipo Tanga, nina Landrova Series III, ile 109 ndefu ya dizeli, na mashua ya futi 24 tuliyochanga mimi na shemeji yangu. Hatulipwi na mtu, ni mambo ya jioni na jumamosi, lakini tumeshakaa nayo miaka mingi na yapo mambo natamani mtu angenikalisha chini akaniambia mapema.

La kwanza ndiyo hilo la kufungua. Landrova yangu ilikuwa inawaka siku niliyoinunua, moshi mwingi, breki hakuna, lakini inawaka. Mimi nikaona nifanye kazi ya maana, nikashusha bodi, nikatoa injini, gia boksi, nikafungua difu zote mbili, boliti zote nikazitupia kwenye ndoo moja ya rangi. Ilichukua wiki mbili tu. Kurudisha ikachukua karibu miaka mitatu, na sio kwa sababu kazi ilikuwa kubwa hivyo, ni kwa sababu hela iliisha, halafu nikasahau boliti ipi inakaa wapi, halafu hewa ya bahari ikafanya yake, silinda za breki zikaganda, ndani ya injini kukashika kutu kwenye kuta za silinda ambazo mwanzo zilikuwa safi kabisa. Yaani nilitengeneza ubovu ambao haukuwepo. Jirani akawa ananiletea watu wa vyuma chakavu mpaka getini.

Kwa hiyo fungua kimoja, kimalize, kirudishe, washa, sogeza gari hata mita kumi, ndiyo uende kingine. Anza na breki hata kama injini inakutamanisha zaidi, maana gari inayowaka bila breki ni hatari na gari yenye breki isiyowaka unaweza kuivuta salama. Kila boliti irudishe kwenye tundu lake ikiwa imepakwa grisi, hata kama kile chuma chenyewe umekiweka kabatini. Na piga picha kwa simu kabla hujagusa waya wowote, picha nyingi, za karibu na za mbali.

Nunueni spana za inchi. Hili naomba lieleweke vizuri maana vijana wengi wana boksi zuri la spana za milimita na ndilo linalowaharibia. Landrova hizi boliti zake nyingi ni 7/16, 1/2 na 9/16. Nati ya 1/2 ni milimita 12.7, ukiweka spana 13 inaingia, unaona kama imeshika, ukikaza kwa nguvu inalika pembe na hapo umeshajipa kazi ya patasi na nyundo. Ya 9/16 ni mbaya zaidi, spana 14 haiingii, mtu anachukua 15. Spana tatu tu za inchi, hata za mtumba, zitakuokoa kuliko boksi zima la kung'aa.

Na kabla hujanunua hiyo gari yenyewe lala chini na nyundo ndogo. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, itakudanganya, inaweza kung'aa vizuri huku chesisi ya chuma chini yake imeshakuwa kama biskuti. Gonga taratibu kuanzia mbele pale springi zinaposhika, ingia katikati kwenye mikono inayobeba bodi, malizia lile boriti la nyuma kabisa, huko ndiko kunakooza mwanzo kwa sababu matope na chumvi vinakaa ndani na kutu inakula kutokea ndani kuja nje. Chuma kizima kinalia, ngee. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa kama umegonga kadibodi, na ukiona kumepakwa lami nene mpya usione haya, mwombe mwenye gari ukwangue kidogo. Namba ya chesisi nayo imegongwa huko mbele upande wa kulia karibu na springi, isome, ilinganishe na kadi, kama imeliwa na kutu au haifanani usitoe hata mia mpaka mmefika TRA pamoja na muuzaji.

Sisi wa pwani tuna tatizo lingine la peke yetu. Pale aluminiamu inapokutana na chuma halafu hewa ya chumvi ikapita katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka kila boliti, rangi inavimba kama malengelenge. Kupaka rangi juu yake hakusaidii, lazima uachanishe, kwangua mpaka chuma cheupe, paka praima pande zote mbili, katikati weka kipande cha mpira wa tyubu ya zamani halafu ufunge na grisi. Mimi milango yangu nilifanya hivyo na mpaka leo ipo salama, upande wa nyuma niliopaka rangi tu ilibidi nirudie baada ya mvua mbili.

Kwa wenye dizeli, kuna siku itakataa kuwaka baada ya kubadilisha filta na utaambiwa pampu imekufa. Usikubali haraka. Nenda kwenye ile pampu ndogo ubavuni mwa injini, ina kiwiko cha kupampu kwa mkono. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, pampu kwa kidole gumba. Mwanzo inatoka povu, kama ya sabuni, chee chee, halafu matone yenye mapovu makubwa, halafu ghafla inakuja dizeli tupu isiyo na povu, hapo ndiyo unakaza, unahamia kwenye skrubu za pampu kubwa ya nozeli, unarudia. Na kama kile kiwiko kinachezacheza hakina nguvu kabisa usikimbilie dukani, ni injini imesimama vibaya, izungushe mzunguko mmoja kwa mkono, ujaribu tena. Fundi mmoja alinitoza pampu mpya kwa tatizo hilo, na pampu yangu ya zamani niliyoiweka kabatini ndiyo ipo kwenye gari sasa hivi, inafanya kazi.

Usalama nitasema kwa ufupi lakini nasema kwa uchungu. Usiingie chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo mazito, tikisa gari kwa nguvu zako zote kwanza, ndiyo uingie. Wale mnaochukua malori ya zamani, Bedford na Fiat na wenzake, rimu zake nyingi zina ringi ya chuma inayoshika tairi, hiyo ringi kama haijakaa sawa wakati wa kujaza upepo inaruka na inaua mtu. Funga mnyororo kuzunguka rimu, tumia bomba refu, simama pembeni sio mbele yake. Na vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa, breki za miaka ile zilikuwa na asbesto, lowesha kwa maji ufute na kitambaa, kitambaa kitupe.

Sasa mashua. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo lilinigeuza hata namna ninavyoiangalia Landrova. Nilikuwa nikiipenda mashua kama gari, yaani naitoa kwenye maji naiweka juu ikauke, nikiamini naitunza. Kaskazi ya kwanza, lile jua la Januari, mbao zikakauka zikajivuta, katikati ya ubao na ubao ukapata nafasi ya kupitisha shilingi. Mzee mmoja fundi wa vyombo akapita, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia, akazunguka mashua nzima bila kusema kitu, akaingiza ukucha kwenye ufa akaniambia "mwanangu, gari lako lisogeze mbali na bahari, hii irudishe baharini, umebadilisha". Basi.

Na ni kweli. Chumvi inayokula Landrova ndiyo inayoihifadhi mbao ya mashua. Kinachoozesha mashua ni maji ya mvua yanayokaa ndani, kwenye pembe za mataruma (zile mbavu za ndani), chini ya sitaha ya omo, yaani mbele, pale ambapo hakuna upepo. Kwa hiyo masika Landrova naiacha inyeshewe ioshwe chumvi, ikikosa mvua naimwagia maji ya bomba chini kila nikitoka ufukweni, na mashua naifunika makuti juu huku pembeni nikiacha wazi hewa ipite, na mvua ikishakata naenda kufua, yaani kuchota na kumwaga nje, maji yaliyoingia halafu nasuuza ndani kwa maji ya bahari. Mgeni akiniona ananishangaa.

Kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, msijifunze kwa kuangalia, shikeni wenyewe. Unachukua pamba, unaisokota kwenye paja iwe kama kamba laini, unailowesha mafuta, sisi tunatumia ya nazi, unaiingiza kwenye ufa kwa kile chuma butu na nyundo ya mti. Kosa la wageni ni kujaza kwa nguvu. Mbao zikirudi kwenye maji zinavimba, na kama umeshindilia sana zinasukumana mpaka misumari inang'oka kwenye taruma, tena unaweza kuivunja mashua nzima kwa pamba tu. Sikiliza nyundo. Mwanzo inapiga tupu, du du, pamba ikianza kushika sauti inakaza, ikifika pale inaporudisha mkono wako juu yenyewe, acha, nenda mbele inchi mbili. Mimi nilichukua siku tatu kuisikia hiyo sauti na shemeji aliisikia siku ya kwanza.

Misumari ya kubadilisha iwe ile iliyopakwa zinki, toboa kwanza kwa keekee, na chini ya kichwa cha msumari zungusha uzi wa pamba wenye mafuta kabla hujaugonga. Usichanganye misumari ya chuma na skrubu za shaba kwenye ubao mmoja, ni ugonjwa ule ule wa aluminiamu na chuma, safari hii anayeliwa ni msumari. Chini ya mstari wa maji kuna mdudu anayetoboa mbao, kutoka nje unaona kitundu cha sindano, ndani amechimba mahandaki. Dawa ya wazee bado inafanya kazi, unaegesha kwenye mchanga maji yakipwa, unaunguza chini kwa moto wa makuti makavu, haraka haraka bila kukaa sehemu moja, halafu unapaka deheni, yaani shahamu na chokaa zilizopondwa pamoja. Weka ndoo za maji karibu na pangusa mafuta yote yaliyomwagika kabla ya kiberiti.

Siku ya kushusha chagua bamvua, maji yanayopanda sana ndiyo yatakuinulia chombo bila kukiburuza mkuku, ule mti wa chini kabisa. Na msiogope itakapovuja. Itavuja kila mahali, utaona kama kazi yote imepotea, kaa ndani na ndoo ufue, usiku kucha ikibidi, mpokezane. Yetu usiku wa kwanza tulifua kila robo saa, usiku wa pili kila baada ya saa mbili hivi, alfajiri ya siku ya tatu shemeji akaniita nikadhani imezama, kumbe anataka nishike sakafu. Ilikuwa na unyevu tu, mbao zimekunywa zikashiba. Kama unataka kuitembeza mbali au kubeba watu fuateni taratibu za TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, za ukaguzi na majaketi ya kuokolea, hilo wala msilipunguzie bajeti.

Sisi tunaitoa tena mwezi kabla ya upepo wa kusi kuanza, kuna mbao mbili upande wa tezi, yaani nyuma, nimezigonga wiki iliyopita sikuipenda sauti yake. Tutabadilisha hizo mbili tu. Kijana anayetaka kushika nyundo ya kalafati kwa mara ya kwanza aje asubuhi maji yakiwa yamekupwa, aje na kofia, pamba tunayo.